Kofia Tano za Gunia

Omondi alikufa mchana kweupe, na aliyeyaona yote tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa Nekoye.

Alikuwa amemletea mumewe uji shambani, mtoto mgongoni, akasimama mwisho wa mstari wa kahawa kungoja wapiga dawa watokee. Omondi ndiye aliyetokea kwanza, bomba mgongoni, akitembea kama mtu aliyetoka kilabuni. Nekoye alifikiri ni mzaha, maana Mjaluo huyu hakuwa na siku isiyo na mzaha. Akamwambia, "Shemeji, kahawa ya leo imeninywesha pombe," kisha mate yakaanza kumtoka, mengi, mazito, yakimshuka kifuani kama ya ng'ombe mgonjwa. Jasho likamlowesha. Alipoinua uso, mboni za macho yake zilikuwa zimenywea zikawa kama tundu la sindano, na hakuwa akimwona mtu tena. Akaanguka na bomba lake. Visigino vyake vilichimba udongo mwekundu mpaka vikafanya mifereji miwili. Dismas, mume wa Nekoye, alimkalia miguu, mwenzake akamshika mabega, lakini mwili ule uliwarusha wote wawili kama fahali anayefungwa nira mara ya kwanza. Aliuma ulimi, damu na povu vikatoka pamoja. Ilichukua muda kama ule wa sufuria ya maharagwe kuanza kutokota, halafu akatulia. Harufu iliyobaki juu yake ilikuwa ya kitunguu saumu kilichooza.

Nekoye alimvuta mtoto kifuani akamfunika macho, ingawa Nakhumicha alikuwa wa miezi minane tu na hakujua alichokiona. Tangu saa ile akawa na neno moja tu moyoni: Dismas asife hivi.

Walikuwa wametoka upande wa Bungoma mwaka mmoja nyuma. Serikali ilipowazoa Wakikuyu ikawapeleka kambini, mabwana wa kahawa wa Ruiru na Thika walibaki na miti isiyo na mikono, wakatuma watu huko magharibi kuandika vijana. Dismas akaandikwa. Nekoye akamfuata na mimba ya miezi mitano, na cherehani hana, ila sindano tatu alizopewa na mama wa misheni alipomaliza darasa la nne. Walipewa chumba kwenye laini ya wafanyakazi, nyuma ya stoo, kwenye shamba la mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Miwani.

Dawa ile ilifika kwa treni mpaka Thika, kwenye mapipa ya chuma yenye picha ya fuvu la kichwa. Dawa ya zamani ilichukua siku mbili kuua wadudu wa kahawa. Hii mpya, ulikuwa hujamaliza mstari wanadondoka nyuma yako kama mtama uliomwagika. Karani wa shamba alisema wataalamu waliigundua wakitafuta njia ya kuua watu vitani, na vita vilipokwisha wakaikumbuka kahawa. Bwana Miwani aliifurahia sana. Ila alitoa amri moja: Mkikuyu asiiguse, asiibebe, wala asisogelee mlango wa stoo, maana siku hizo za Hali ya Hatari aliogopa itamfikia katika chai. Kwa hiyo wapiga dawa wote walikuwa wageni, Wabukusu na Wajaluo na Mkamba mmoja.

Wakikuyu waliobaki kufanya kazi pale walikuwa wanawake. Waliletwa kwa lori kila asubuhi kutoka kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, wakilindwa na homgadi, Wakikuyu wenzao walioshika bunduki za serikali, wakarudishwa saa kumi. Walipalilia na kuchuma. Hawakuruhusiwa kuchanganyika na watu wa laini, lakini mistari ya kahawa ni mirefu, na mtoto akilia haulizi kabila. Hivyo ndivyo Nekoye alivyomjua Warigia, mama Kagwe, mwanamke mrefu wa makamo aliyekuwa akimletea nduma iliyochemshwa amefunga kwenye jani. Alimfundisha namna ya kumlaza mtoto kivulini bila siafu kumfikia. Siku moja Nekoye alimuuliza Kagwe yuko wapi, na baba yake je. Warigia hakujibu kwa mdomo. Alivuta leso yake ikamfunika kichwa chote na uso, akainamisha kichwa mara moja, kisha akaiacha ianguke. Nekoye alielewa kwamba wamekufa, wakafunikwa. Akamwambia pole, wakaendelea na kazi.

Siku nne baada ya Omondi kuzikwa, alikuja mtu wa serikali kutoka Nairobi na karatasi ya sheria. Ilipigiliwa misumari mlangoni mwa stoo, upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiswahili. Mpiga dawa afunike mikono, miguu na uso. Asipige dawa akielekea upepo. Asile kabla ya kunawa. Shamba liweke sanduku la sindano ya kuokoa. Jumatatu ya pili mtu yule angerudi kukagua, na shamba ambalo halijatii lingefungiwa dawa. Bwana Miwani akaagiza vifuniko vya mpira vyenye vioo, akaambiwa vitakuja kwa meli, baada ya miezi mitatu.

Sheria ilisema uso ufunikwe. Haikusema ufunikwe kwa kitu gani. Ndipo nyapara Nzomo, Mkamba aliyekuwa na mwezi mmoja tu pale, akaja mlangoni kwa Nekoye na magunia ya sukari, donge la uzi, na nakala ya karatasi ile ili ajue cha kufunika. Nekoye aliisoma mara tatu, maana nyumbani hakuwa na kitu kingine cha kusoma ila Biblia. Aliyashika moyoni maneno ya chini kabisa: *Dawa hii hupita katika ngozi. Mtu akimwagikiwa avuliwe nguo zote mara moja, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Kila dakika inayopita ni hatari.*

Alishona kofia tano kwa siku tano. Aliyachemsha magunia yatoke vumbi, akapima kichwa cha Dismas kwa kamba. Mdomoni aliweka tabaka mbili na pamba katikati. Chini alipitisha kamba ya kufunga shingoni. Matundu ya macho aliyapindia ukingo kwa mshono mdogo mdogo, kama wa shati la mtoto, ili nyuzi zisimkere mumewe kope. Dismas alipoivaa ya kwanza na kuingia chumbani ameinama, Nakhumicha alicheka. Watu wa laini walicheka pia. Mpiga dawa mmoja alisema Dismas sasa anafanana na mwizi wa mbuzi asiyetaka hata mbuzi amjue.

Katika laini nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuketishwa kwenye uwanja wa kuchujwa. Hakuna aliyemwambia Nekoye kitu.

Jumatatu ilikuwa na baridi na ukungu ulichelewa kuondoka. Lori lilishusha wanawake arobaini na majembe yao, wakaenda kupalilia mistari ya chini karibu na tangi la maji. Nekoye alikuwa tangini akifua nepi. Wapiga dawa watano walikuwa wameshaanza upande wa juu, na kazi ikawaleta chini, pole pole, mpaka wakatokea wote kwa pamoja kwenye njia ya lori. Wanaume watano wasio na sura. Gunia mpaka shingoni na matundu mawili.

Nekoye aliinua kichwa kwa sababu majembe yalinyamaza.

Wanawake wale walikuwa wameiona sura hiyo kabla, kila mmoja wao. Waliketishwa uwanjani, vijiji vizima, jua la kutwa, mikono kichwani. Kisha mtu mmoja aliyevikwa gunia, anayejulikana na askari peke yao, alipitishwa mbele yao safu kwa safu. Hakusema neno. Alifika mbele ya mtu, akatazama kupitia matundu yale, na akiinamisha kichwa mara moja basi mtu huyo aliinuliwa akapelekwa, na wengi hawakuonekana tena. Walimwita gakunia, yule wa kigunia. Angeweza kuwa jirani yako. Angeweza kuwa shemeji yako aliyepigwa mpaka akakubali kuivaa.

Na leo wameletewa watano.

Bibi mmoja kizee aliketi chini mwenyewe bila kuambiwa, akaweka mikono kichwani, akafumba macho. Kisha wasichana wakaanza kukimbia. Homgadi wawili waliokuwa wakiota moto kando ya lori waliona watu wakikimbia, na wao walichofundishwa ni kwamba anayekimbia ana hatia. Wakapiga risasi. Msichana aitwaye Wangeci aliruka mfereji, akapigwa angali hewani, akaanguka ng'ambo ya pili kama nguo iliyotupwa. Wengine wakajitupa chini. Kikapu kiliviringika njiani peke yake.

Warigia hakukimbia wala hakujitupa. Alitembea. Alimwendea gakunia aliyekuwa karibu naye, taratibu, kama mtu anayekwenda kusalimia mgeni, jembe likining'inia mkononi.

Aliyekuwa karibu alikuwa Dismas. Alimwona mama Kagwe akija, akamfahamu. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na pamba, mkono mmoja ulishika mpini wa bomba na mwingine mpira wa kunyunyizia. Akamsalimu kwa namna iliyobaki. Aliinamisha kichwa mara moja.

Jembe lilimwingia kati ya shingo na bega. Nekoye aliusikia mfupa. Dismas alipiga magoti, na pigo la pili likakosa kichwa likapasua bomba, na dawa yote, maziwa-maziwa, ikammwagikia mgongoni, kifuani, ndani ya suruali. Alipoanguka chali, Warigia alimkanyaga kifua, akalishika lile gunia, akalivuta kwa nguvu zote ili amwone aliyemla mume na mwana. Likatoka.

Alisimama pale na gunia mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, kama aliyekutana naye njiani, "Baba Nakhumicha."

Jembe likamtoka. Alirudi nyuma hatua tano, sita, akaketi katikati ya wanawake wengine, akaweka mikono kichwani kama wao.

Nekoye alikuwa ameshaanza kukimbia. Muigai, mkubwa wa homgadi wale, kijana wa kijiji kile kile aliyejulikana na wanawake wote tangu alipokuwa akichunga mbuzi, alimkata njia akampiga kitako cha bunduki begani, Nekoye akaanguka kwa magoti na mtoto mgongoni. Muigai akaamuru kila mtu aketi. Mikono juu ya kichwa. Hakuna kuinuka mpaka afande atoke Ruiru. Alitaka kujua nani amemkata mtu wa bwana. Hakuna aliyejibu. Kwa risasi na vumbi hakuna homgadi aliyeona, na wanawake walikuwa wamejifunza kunyamaza kwa shule ngumu. Wapiga dawa wengine wanne walikuwa wametokomea kahawani, bado na magunia yao.

Dismas alilala hatua ishirini kutoka pale alipoketi Nekoye. Damu iliingia kwenye dawa ikageuka rangi ya chai. Alikuwa hai, akimtazama mkewe. Kisha mate yakaanza.

Nekoye aliyajua mate yale. Alijua kinachofuata, jasho, mboni, visigino. Alimwambia Muigai kwamba dawa inapita katika ngozi, kwamba sheria inasema avuliwe nguo aoshwe sasa hivi, kwamba karatasi iko pale mlangoni mwa stoo aende asome.

Muigai akamuuliza, "Hiyo karatasi yako ina bunduki?"

Nekoye akainuka. Kitako cha bunduki kikampiga mdomoni, jino likavunjika likabaki juu ya ulimi. Akalitema. Akainuka tena. Safari hii Muigai hakumpiga. Alizunguka nyuma yake, akaweka mdomo wa bunduki kwenye mgongo wa Nakhumicha, akangoja. Nekoye akaketi. Hatua ishirini mbele yake kisigino cha Dismas kilianza kuchimba udongo.

Tangi la maji lilikuwa upande wa kushoto. Nekoye alikuwa ameacha kipande cha sabuni juu ya jiwe. Alikiona.

"Muigai wa Mburu."

Warigia alikuwa amesimama. Alikuwa ameshusha mikono.

"Nimemkata mimi," akasema. "Mimi, mama Kagwe. Na wewe unajua kwa nini, maana siku ile ulikuwa umeshika kamba ya yule wa gunia. Nilidhani leo nimempata yeye. Njoo unichukue."

Kisha akageuka akaanza kutembea kuelekea kulia, kwenye korongo, mbali na tangi, mbali na Dismas. Hakukimbia, ili wasimpige risasi mapema. Alitembea tu, akiendelea kumtaja Muigai kwa jina, kwa jina la baba yake, kwa jina la mbuzi aliyemwiba utotoni. Muigai alimfuata. Yule homgadi wa pili alitazama huku, akatazama kule, akaona mkubwa wake anakwenda peke yake na mwanamke aliyekiri kumkata mtu, akamfuata.

Nekoye hakungoja. Alimfungua mtoto akamweka kwenye mapaja ya yule bibi kizee, ambaye mara ya kwanza tangu asubuhi alishusha mikono kichwani akampokea. Alimvuta Dismas kwa mkono mzima, mpaka chini ya bomba la tangi. Alirarua shati. Alifungua mkanda kwa meno yake yaliyobaki. Alimvua mpaka akawa kama alivyozaliwa mbele ya wanawake wote, na wanawake wakageuza nyuso. Akafungulia maji.

Kule korongoni walikuwa wameanza. Vitako vya bunduki vikiangukia mwili vina sauti ya mtu anayepiga nguo kwenye mawe ya mtoni. Nekoye alisugua, akamwaga debe, akasikia pigo. Akasugua kwapa, masikio, kati ya vidole, ndani ya kidonda chenyewe, Dismas akalia kama mnyama, naye akafurahi kwa kuwa amelia. Debe jingine. Pigo jingine. Warigia alikuwa bado akitaja majina, sauti ikipungua. Wakati fulani Nekoye aligundua kwamba debe linashikwa na mikono mingine. Wanawake wawili walikuwa wameinuka, bila ruhusa ya mtu, wakimtekea maji na kumpa. Alimwosha mpaka sabuni ikaisha, akaendelea kwa mchanga.

Karani wa shamba alikuja mbio na lile sanduku la sindano ya kuokoa, na kwa haraka akaivunja sindano ya kwanza. Ya pili iliingia pajani. Baadaye kidogo mboni za Dismas zilianza kufunguka, nyeusi, kubwa, akamtazama mkewe akauliza kwa nini yuko uchi.

Afande alipofika kutoka Ruiru, Wangeci alikuwa ameshafunikwa kwa majani ya migomba, na Warigia amefungwa nyuma ya lori, amelala kifudifudi. Hata hivyo alikuwa akipumua. Nekoye aliona mgongo wake ukipanda na kushuka.

Dismas alilazwa Thika wiki tatu. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia tu kama wa mtu mwingine. Siku alipotolewa, Nekoye aliitwa ofisi ya polisi kuandikisha ushahidi. Mzungu mmoja aliketi dirishani akisoma kitu chake. Karani wa kutafsiri aliuliza, akaandika, akauliza. Nekoye alieleza yote kwa mdomo wake wenye pengo, kuanzia magunia ya sukari. Karani akamsomea alichoandika: kwamba mwanamke Warigia alimshambulia mpiga dawa Dismas kwa jembe mara mbili kwa nia ya kumuua, kwamba shahidi alimwona kwa macho yake, kwamba mwanamke huyo alikiri. Akamsukumia kalamu.

"Kuna kitu kimebaki," Nekoye akasema.

"Kipi, mama?"

"Kwamba alisimama."

Karani alichoka. Alimwambia kwamba siku ile watu wote walikuwa wakiinuka na kukimbia, mahakama haina haja na nani alisimama.

"Hapana. Tulikuwa tumeketi sote, na bunduki iko juu ya mtoto wangu. Mume wangu alikuwa anakufa na mimi nimeketi. Yeye alisimama ili wamfuate yeye, niweze kumwosha. Angenyamaza, hakuna ambaye angemjua mpaka leo. Andika hivyo."

"Mama, huyu ndiye aliyemkata mume wako."

"Ndiye. Hilo umeshaliandika."

Mzungu akainua kichwa akauliza kuna nini. Karani akajibu kwa Kiingereza, maneno machache. Nekoye hakuishika kalamu. Alimweka Nakhumicha vizuri mapajani, akafungua shati lake, akaanza kumnyonyesha pale pale mbele ya meza, kama mtu mwenye siku nzima. Dismas alisimama mlangoni ameshika mkono wake uliokufa. Alipoulizwa kama na yeye anataka maneno hayo yaandikwe, akasema ndiyo.

Karani akavuta karatasi akaandika mistari miwili chini ya ile mingine, kwa herufi ndogo. Nekoye alimwambia amwoneshe. Alifuata maneno kwa kidole, moja moja, mpaka nukta. Kisha akatia jina lake.